Kupendekeza, Kuteua na Kuchagua: Jibu kwa Katibu wa Chama cha Akiba

Ndugu Katibu,

Nalieleza swali lako kwa ufupi ili wasomaji wengine nao walifuate. Chama chenu cha akiba na mikopo huko Jinja, Uganda, kina wanachama wa makabila mbalimbali, na kwa sababu hiyo mliamua kumbukumbu za mikutano ziandikwe kwa Kiswahili. Katika mkutano mkuu uliopita wanachama walitoa majina ya watu wanne wa kugombea nafasi mbili katika kamati ya mikopo, nawe ukaandika kwamba "wanachama waliteua watu wanne". Mwanachama mmoja alipinga akisema kwamba nafasi zikiwa mbili hawawezi kuteuliwa wanne, na mwingine akakutetea kwa hoja kwamba hata Tume ya Uchaguzi huteua wagombea wengi kwa kiti kimoja. Unataka kujua ni kitenzi gani kinachofaa kwa tendo la kutoa jina la mtu ili agombee, maana yake hasa ni nini, na kimetoka wapi.

Kitenzi mlichokihitaji ni kupendekeza. Aliyekupinga yuko sahihi kuhusu kumbukumbu zenu, na aliyekutetea hakukosea kuhusu Tume, kwa kuwa Tume na mkutano wenu hazifanyi kazi ya namna moja, ingawa katika Kiingereza cha ofisini kazi zote mbili huitwa kwa neno lile lile.

Nianze na asili ya kitenzi chenyewe. Shina la pendekeza ni penda. Kutokana na penda tunapata pendeka, yaani kuwa na hali ya kupendwa na watu, na kutokana na pendeka tunapata pendekeza, yaani kumfanya mtu au kukifanya kitu kiwe na hali hiyo mbele ya wengine. Jirani yake ni pendeza, lakini wawili hao wameachana njia: kinachopendeza chajisemea chenyewe, na kinachopendekezwa lazima kiwe na msemaji wake. Kwa hiyo mwanachama anayesimama na kusema "Napendekeza jina la fulani" ametaja jina, na papo hapo amewaomba wenzake wamkubali mwenye jina hilo. Hajaamua lolote. Kitenzi hiki kwa asili yake humwacha mwamuzi nje ya kauli ya msemaji, na ndiyo maana kinafaa kila mahali ambapo neno la mwisho ni la watu wengine. Tume ya Odoki, iliyokusanya maoni ya wananchi kabla ya Katiba ya 1995, ilipendekeza. Bunge la Katiba lililochaguliwa mwaka 1994 ndilo lililojadili na kupitisha. Ukibadilisha vitenzi hivyo katika sentensi hiyo, utakuwa umeibadilisha historia ya nchi.

Kuna tahadhari moja hapa ambayo waandishi wetu wengi, hasa wale wanaofikiri kwanza kwa Luganda au kwa Kiingereza, huikosa. Mtu akijitolea mwenyewe kugombea, usiandike kwamba "alijipendekeza". Kujipendekeza ni kutafuta upendeleo kwa mkubwa, kumchekea asipochekesha, kumbebea mkoba asipoomba. Ukiandika katika kumbukumbu kwamba mweka hazina wa zamani alijipendekeza kwa nafasi ya mwenyekiti, atakayesoma atadhani umemtukana, na atakuwa na haki ya kudai ufute. Kiambishi -ji- kimehifadhi hapa maana ya kale ya kitenzi kuliko kauli ya kawaida ilivyoihifadhi, kwa sababu anayejipendekeza anajitahidi kweli kweli kupendwa, ilhali anayempendekeza mwenzake katika mkutano anaweza kufanya hivyo hata kama hawapikiki chungu kimoja. Luganda kina okwesimbawo, yaani kujisimika mwenyewe, ambalo halina doa lolote. Katika Kiswahili andika kwamba "alijitokeza kugombea", nawe utakuwa salama.

Sasa teua, ambalo ndilo lililozua ubishi. Umbo lake lina jambo la kutazamwa. Katika "anateua" hatuisikii l, lakini katika "ameteuliwa" na "mteule" inatokea, na katika "uteuzi" imegeuka kuwa z mbele ya i. Chagua nalo hufanya hivyo hivyo: chaguliwa, uchaguzi. Fungua vilevile: funguliwa, ufunguzi. Vitenzi hivi zamani vilikuwa na l kabla ya irabu ya mwisho, na Kiswahili cha pwani kikaidondosha pale ilipokaa kati ya irabu mbili mwishoni mwa neno. Asiyeamini awasikilize Wakongomani katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambao katika Kiswahili chao cha nyumbani bado husema "fungula" na "chagula". Wengi wetu huwacheka kwa matamshi hayo, kumbe wao ndio waliotunza kilicho cha kale zaidi. Badiliko la l kuwa z si geni pia kwa msemaji wa Luganda, maana kwa okusunsula anapata omusunsuzi.

Na hilo okusunsula linastahili tulikalie kitako, kwa sababu linatusaidia kuielewa teua kuliko kamusi nyingi. Redio za Luganda zikitangaza kwamba Tume imewapokea wagombea rasmi, kitenzi chao ni hicho: fulani asunsuddwa. Maana ya nyumbani ya okusunsula ni kuchambua, kupitia vitu kimoja kimoja na kukiondoa kisichotakiwa, na kwa maana hiyo hiyo mhariri wa gazeti huitwa omusunsuzi. Majirani zetu wa Kenya nao, kwa kura za ndani ya vyama, wamelichukua neno mchujo kutokana na chuja. Ni jambo la kutia moyo kwa mpenzi wa lugha kuona kwamba watu wa nchi mbili, bila kukaa kikao, wameiendea siasa kwa maneno ya jikoni, na kwamba maneno yote hayo yana kitu kimoja ndani yake: yupo mwenye ungo au chujio, na aliyeshika chombo ndiye anayeamua kipi kibaki.

Teua imo katika ukoo huo wa maana. Ni kuchagua kwa uangalifu, kukitoa kimoja katika vingi kwa kuwa kimefaa kuliko vingine. Mtu mteuzi, kwa Kiswahili cha zamani ambacho bado hakijafa, ni yule asiyeridhika haraka, anayechunguza chakula, nguo na hata maneno kabla ya kukubali. Tafsiri ya Biblia inayosomwa na wengi wetu inasema katika Mathayo 22:14, "Kwa maana waitwao ni wengi, bali wateule ni wachache." Waitwao na wateule wametenganishwa hapo waziwazi, na mwanachama aliyekupinga angeweza kuutumia mstari huo bila kuongeza neno: wanne waliitwa, wateule walikuwa hawajajulikana. Waislamu nao humwita Mtume kwa jina la Mustafa, maana yake mteule, na jina hilo katika Kiarabu limetoka katika mzizi uleule uliotupa neno safi. Aliyeteuliwa ni aliyetolewa kama kilicho safi kuliko vingine. Lugha mbili zisizo za ukoo mmoja zimefika mahali pamoja.

Kwa hiyo teua hubeba mamlaka. Anayeteua ana uwezo wa kumaliza jambo, au walau wa kulimaliza katika ngazi yake. Katika siasa za Afrika Mashariki neno hili limeganda katika maana hiyo: Rais wa Tanzania huteua wabunge wasiozidi 10, na katika Bunge la Taifa la Kenya wamo wabunge 12 wa kuteuliwa, wasiotokana na kura za majimbo. Hakuna atakayesema kwamba wabunge hao wamependekezwa tu. Hata hivyo, zingatia kwamba "rais mteule" ni mtu mwingine kabisa, yaani aliyekwisha kushinda kura na anangoja kuapishwa. Mwanafunzi mmoja wa sekondari aliwahi kuuliza ni nani aliyemteua rais huyo, na swali lake lilikuwa zuri. Mteule hapo ni aliyeteuliwa na wapiga kura, kwa maana ya kale ya neno. Matumizi ya leo yamelisogeza upande wa wakubwa.

Mfano unaoviweka vitenzi hivi mahali pake kuliko wote ninaoujua umo katika Katiba yetu wenyewe, ibara ya 142, inayohusu majaji. Tume ya Utumishi wa Mahakama humshauri Rais, Rais huteua, na Bunge huidhinisha. Ukiandika habari hiyo kwa Kiswahili, Tume inapendekeza majina; Rais, akifanya kwa ushauri huo, anateua; Bunge linaidhinisha au linakataa. Hatua tatu, vitenzi vitatu, na kila kimoja kinamwambia msomaji nguvu iko wapi kwa wakati huo. Mwandishi anayesema kwamba "Rais alipendekeza na Bunge likateua" ametunga katiba ya nchi nyingine. Kwa wabunge 9 wanaoiwakilisha Uganda katika Bunge la Afrika Mashariki mambo ni tofauti kidogo: vyama hupendekeza, na Bunge la Kampala huchagua kwa kura. Pale mwamuzi anapokuwa umma au baraza linalopiga kura, Kiswahili hupenda kuchagua, neno pana lisilojali kama chaguo limefanywa kwa umakini au kwa ushabiki. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mchagua nazi hupata koroma, na sitaendelea zaidi ya hapo kuhusu uchaguzi wowote ule.

Nakuja kwa hoja ya mtetezi wako, kwa kuwa ndiyo ngumu. Sheria zetu za uchaguzi zinamtaka anayewania urais aungwe mkono kwa saini za wapiga kura wasiopungua 100 katika kila wilaya, kwa wilaya zisizopungua theluthi mbili ya wilaya zote, naye mgombea ubunge ahitaji wapiga kura wasiopungua kumi wa jimbo lake. Saini hizo, pamoja na vyeti vya elimu, ada na picha, huwasilishwa kwa ofisa wa Tume ya Uchaguzi siku iliyopangwa, naye akiridhika humtangaza mhusika kuwa mgombea halali. Tarehe 2 na 3 Novemba 2020, huko Kyambogo, Kampala, watu 11 waliowania urais walipita katika mlango huo kwa ajili ya uchaguzi wa Januari 2021, ingawa waliokuwa wameonyesha nia ni wengi zaidi. Tendo zima hilo, kuanzia saini ya mwanakijiji hadi tangazo la ofisa, tumezoea kuliita nominesheni, neno la Kiingereza lililotoka katika Kilatini nomen, yaani jina. Asili yake ni kutaja jina tu, na kwa kuwa jina laweza kutajwa na mwanakijiji, na chama, na rais pia, neno hilo likawafaa wote, likaja kwetu na mzigo wote mgongoni.

Kiswahili hakiwezi kuubeba mzigo huo kwa neno moja bila kupotosha, na Watanzania, waliotunga sheria zao kwa Kiswahili kabla yetu, waliugawa. Kwao mwenye hamu ya kugombea ni mtia nia. Akichukua fomu hutafuta wadhamini watakaomwekea saini, kutokana na dhamini, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kumchukulia mtu dhima. Akirejesha fomu, msimamizi wa uchaguzi humteua, na siku hiyo huitwa siku ya uteuzi. Ndiyo kusema mtetezi wako ana ushahidi: katika Kiswahili cha sheria, Tume huteua wagombea wengi kwa kiti kimoja. Lakini wameteuliwa kuwa wagombea. Hawakuteuliwa kuwa wabunge. Tume imeshika ungo wake, imetazama kama vyeti na saini vimetimia, imewatoa wasiotimiza, na waliobaki ndio wateule wa hatua hiyo. Mkutano wenu haukufanya uchujaji wa namna hiyo. Ulipokea majina manne kama yalivyotolewa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, sisi huku Uganda tusiige uteuzi huo wa Tanzania bila kufikiri. Msomaji wa Mbale au Arua ambaye hakukulia katika sheria za Dodoma akikuta kichwa cha habari kinachosema kwamba Tume imemteua fulani, ataelewa kwamba Tume imemchagua, na katika nchi ambayo watu hubishana sana juu ya Tume, kichwa hicho kinaweza kuleta maneno. Wakenya mara nyingi husema kwamba mgombea ameidhinishwa, nami naona ndilo neno linalotufaa kwa hatua ya Tume: halidai kwamba ofisa amempenda mtu, linasema tu kwamba karatasi zake zimekubaliwa. Baada ya Baraza la Mawaziri mwezi Julai 2022 kukikubali Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, maneno ya namna hii yatahitajika katika karatasi za serikali, na ni afadhali tuyapange mapema kuliko kuyaokota siku ya uchaguzi.

Maneno mawili madogo yanayoandamana na hayo niyaguse kwa haraka. Gombea limetokana na gomba, yaani kuteta au kufoka, ndugu yake gombana. Mgombea kwa asili ni mtu anayetetea kitu akitake yeye, na wanaohudhuria mikutano ya kampeni hawatalishangaa asili hiyo. Andika "mgombea uenyekiti", bila kiunganishi, kwa kuwa uenyekiti ndio anaougombea. Kuunga mkono ni la yule wa pili anayesimama baada ya mpendekezaji; msiandike kwamba jina "lilisekondiwa", ingawa najua mikutanoni hutamkwa hivyo.

Umeniuliza pia kama mtu aliyetolewa jina aitwe mteule, mteuliwa au mpendekezwa. Mteule hapana, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Mteuliwa lafaa kwa yule aliyekwisha kupewa nafasi na mwenye mamlaka, kama vile mjumbe ambaye mwenyekiti wenu amemweka katika kamati ndogo ya ukaguzi, ikiwa kanuni zenu zinampa uwezo huo. Mpendekezwa limeundwa sawasawa kwa sarufi lakini ni gumu mdomoni na geni machoni, nami ningeandika "aliyependekezwa" bila kuona haya kwa urefu wake.

Kuhusu kumbukumbu zenyewe, usizifute wala usizibandike karatasi juu. Zikishasomwa katika mkutano ujao, marekebisho yaingie kabla mwenyekiti hajatia saini kuzithibitisha, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo: "Mahali palipoandikwa kwamba wanachama waliteua watu wanne, pasomeke: Wanachama walipendekeza majina ya watu wanne kugombea nafasi mbili za kamati ya mikopo, na kila jina liliungwa mkono na mwanachama mwingine." Kama siku hiyo hiyo mlipiga kura, ongeza sentensi ya pili inayowataja waliochaguliwa na idadi ya kura za kila mmoja. Kama kura iliahirishwa, andika hivyo, na majina manne yabaki kuwa ya waliopendekezwa hadi siku ya kura.